Mkeka wa Mama Ramla

Inspekta Julienne Mwenya alijua kwamba asipopata kitu kabla ya mchana, Idriss atapandishwa lori. Amri ilikwisha kutiwa sahihi. Mkuu wake alimwambia asubuhi ile, bila hata kuinua macho kwenye chai yake, kwamba kasho, yaani mahabusu ya posti, imejaa pomoni, na kwamba mtu ambaye ushahidi umemlemea hana sababu ya kuendelea kubana nafasi ya wengine. Na gereza kubwa, ndugu yangu, si mahali pa fundi cherehani mwenye vidole kama vya Idriss. Mtu huingia mle kungojea kesi, na kesi yenyewe ikamsahau.

Ushahidi ulikuwa mfupi, na ufupi huo ndio uliomnyima Julienne raha. Kulikuwa na duka la vitambaa mtaani Kamalondo, lenye mlango mmoja, kufuli moja na funguo mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao Yassine, mwenye duka. Wa pili alikuwa nao Idriss, aliyepanga kona ya mbele na kuweka cherehani yake humo. Jumamosi moja jioni mtu alilifungua kufuli bila kulivunja, akampiga mlinzi kisogoni kwa kitu kizito, akaondoka na majora ya vitenge. Kati ya majora hayo kulikuwa na kitenge cha akina mama wa chama kimoja cha Katuba, walichokiagiza kwa chapa yao wenyewe: majembe ya manjano juu ya buluu. Huwezi kukiona kwa mwingine hata uzunguke soko zima.

Mlinzi, Papa Elisée, alikuwa bado hospitali na kichwa kimefungwa kama mtoto mchanga. Alichokiona ni kofia nyeupe tu, ya kufuma. Idriss anavaa kofia nyeupe. Yassine naye anavaa, na kama ni hivyo basi nusu ya wanaume wanaotoka msikitini Ijumaa wangekuwa kasho. Kwa hiyo mambo yote yakarudi kwenye funguo mbili. Na siku ile Yassine hakuwa Lubumbashi. Alikuwa amempeleka shangazi yake Dar es Salaam, na Jumamosi hiyohiyo, kutoka Dar, akamtembeza Bagamoyo, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Shangazi ndiye aliyesema hivyo, na aliapa.

Paspoti zao je? Yassine alisema mkoba uliibwa Sakania, pale mpakani, wakiwa njiani kurudi. Ndiyo maana tangu juzi amekwenda tena Sakania, eti kuufuatilia. Julienne hakupenda mikoba inayoibwa kwa wakati wake. Lakini kutopenda si ushahidi, na kila kitu sasa kilining'inia kwenye ulimi wa Mama Ramla, na ulimi huo Kamalondo yote iliuamini.

Alikwenda kwa miguu pamoja na Liévin, mwenzake wa kazi, jitu la watu lenye sauti ya kwaya na tumbo la kupenda wageni. Liévin alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumaliza asubuhi bila kumtania Julienne kwa jina la Mama Malapa. Jina hilo lilianza mwaka Julienne aliporudi kutoka kozi ya polisi huko Dar es Salaam. Aliondoka na viatu vya ngozi vilivyomfanya mumewe ashike kichwa kwa bei, akarudi na malapa ya plastiki. Viatu vimeenda wapi? Hakumwambia mtu. Ofisi nzima ikajitungia majibu yake.

"Leo umevaa biatu ya kweli," Liévin akasema, akimtazama miguuni.

Julienne akamwambia ache mambo yake, wamefika.

Ua wa Mama Ramla ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akikunja sambusa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye wanja machoni na kanga begani, mtu wa zile familia za Maniema ambazo babu zao walikuja na misafara kutoka pwani. Kando ya ukuta mikeka ilikuwa imekunjwa, mingi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Jirani aliyekuwa anachota maji akamwamkia kwa jina jipya, Mama Bagamoyo, na mama akaitikia kwa heshima zote. Tangu arudi safari, watu walikuwa wanakuja hapa kila jioni kusikiliza habari za bahari.

Julienne hakutoa karatasi. Askari waliomtangulia walitoa karatasi na wakaondoka na kiapo kigumu kama mfupa. Yeye aliomba kigoda, akaketi, akaonja sambusa aliyopewa, akaisifu kwa haki maana ilistahili. Ndipo akasema lililomleta.

"Mama, nataka kumupeleka mama yangu. Kutoka Dar mupaka Bagamoyo. Asubui tunaenda, mangaribi tunarudia. Unipangie weye."

Mama Ramla akaacha kukunja sambusa.

"Weye unakuya kunikamata, ao unakuya kuniomba shauri?"

"Yote mbili, mama."

Jibu hilo lilimpendeza yule bibi. Akajifuta unga mikononi, akajiweka sawa, akaanza.

Na hapa lazima niseme ukweli: Julienne alikuja kutega mtego, lakini baada ya kitambo kidogo alikuwa amesahau mtego uko wapi. Amewahi kupanga misako ya kila aina, ya kuzingira nyumba, ya kufuatilia malori mpaka mpakani, na alijiona mtu wa mipango. Sasa alimvulia bibi kofia. Mama Ramla hakuanza na bahari, alianza na usingizi. Alisema mtu asilale karibu na bandari kwa sababu eti ni bei rahisi, alale upande wa Mwenge, maana mabasi ya Bagamoyo yanaondokea kituo cha Makumbusho, na mama mzee asichoke kabla safari haijaanza. Aondoke mapema, kabla foleni ya Tegeta haijaamka. Achague basi ambalo dereva ameshakaa kwenye kiti, si lile lenye kelele nyingi na usukani mtupu. Siku nzuri ni Jumamosi. Ijumaa watu wako kwenye sala, na Jumapili Dar yote inataka upepo.

Akifika asianze na mji. Akodi bajaji moja kwa moja hadi Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi, kwa sababu pale hakuna kivuli cha maana na jua likishapanda mama atateseka. Achukue mtandio, avae kabla ya kuingia, asingoje kuambiwa. Awasalimie waliolala pale. Halafu ndipo arudi mjini: nyumba ya misafara, ngome, misheni ya mapadri yenye makumbusho. Hizo zina kuta nene na madirisha, adhuhuri yake ipite mle ndani. Na mvua ikinyesha? Basi kila kitu kigeuzwe, misheni mbele, Kaole mwisho. Vinyago asivinunue kwa mtu wa kwanza. Samaki amnunue sokoni, amchague akiwa mzima, amtazame macho, asikubali kipande kilichokwisha kukaangwa.

Liévin, aliyepewa kazi ya kusikiliza tu, alikuwa ameacha kutafuna. Julienne naye alikuwa akilinganisha kichwani. Jana alimpigia simu mwenzake wa kozi ile, ofisa wa Dar, akamwomba ampe njia ya Bagamoyo kituo kwa kituo. Kila alichosema Mama Ramla kilikaa sawasawa na alichoambiwa, na katika mambo mawili matatu bibi alimzidi yule ofisa, mtu aliyezaliwa kulekule. Mwanamke gani huyu, Julienne alijiuliza, aliyeiweka siku nzima ya ugenini kichwani kama mtu anayepanga vyombo vya arusi? Alimpenda hapohapo. Na kadiri alivyompenda ndivyo baridi ilivyomwingia moyoni, kwa sababu mpango wa namna hii ulimsafisha Yassine na kumzika Idriss.

Liévin akainama sikioni mwake akanong'ona kwa Kifaransa kwamba mama huyu amefika, hakuna ubishi. Akaonyesha kwa kidevu kabati la vyombo, mlangoni tu. Juu ya kitambaa cheupe kulikuwa na kombe la baharini, kubwa, la waridi ndani. Julienne alikwisha kuliona. Alikumbuka pia kwamba waganga wa sokoni huuza makombe ya namna hiyo karibu na mizizi na ngozi za nyoka. Kombe halikumfunga mtu wala kumfungua. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa gauni refu la kijani lenye kola ya nakshi, na mama alipoona anaangalia akasema bila kuulizwa kwamba gauni lile la safari alishonewa na Idriss, bure, mutoto muzuri. Akachukua unga tena, akaukanda bila sababu.

Julienne aliliona hilo, akaliweka pembeni.

"Na bahari, mama? Bahari umeiweka wapi?"

Uso wa Mama Ramla ukafunguka.

"Bahari njo ya mwisho. Mukisha kutembea kote, mushuke na samaki yenu. Mutafute fasi mayi inakugusa tu ku nyayo, mutandike mukeka pale pale pembeni, musihame tena. Mama yako akae, miguu mu mayi. Chupa za juisi muzifunge na kamba, muchomeke kijiti, muzizamishe. Siye tulikaa vile tangu jua iko juu mupaka ikateremuka. Mukeka haikusogea hata kidogo, na juisi ikabakia baridi."

Liévin akatikisa kichwa kwa raha, maana alikuwa amekwisha kuona picha. Hivyo ndivyo kila familia ya Lubumbashi inavyofanya Jumapili kwenye ziwa la Kipopo. Unafika na sufuria ya bukari, ule ugali wetu, na kuku, unatandika mkeka ukingoni, unachomeka kijiti, unafunga chupa, unazamisha. Watoto wanacheza, wazee wanasinzia miguu ikiwa majini, na ukitaka kuondoka unakuta ukingo pale ulipouacha asubuhi. Liévin mwenyewe alikuwa na kijiti chake maalumu, hutembea nacho ndani ya gari.

Julienne hakutikisa kichwa. Ndani ya viatu vyake vidole vya miguu vilijikunja vyenyewe.

Aliuliza tena, kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza tu. Mkeka hawakuusogeza juu wala chini? Hawakuusogeza. Na kijiti, kilibaki majini wakati wote? Pale pale alipokichomeka, na wakati wa kurudi alikwenda kuking'oa yeye mwenyewe, maji yakiwa yaleyale ya nyayo. Na Yassine, alikuwa pamoja naye muda wote huo? Muda wote, amelala ubavuni mwake kwenye mkeka huohuo. Aliuliza mara tatu kwa njia tatu, kama kazi inavyotaka, na mara zote tatu maji hayakusogea.

Basi Julienne akamwambia Liévin aende nje, langoni, azuie watu wasiingie. Liévin alitaka kuuliza, akauona uso wa mwenzake, akachukua sambusa mbili akatoka.

Walipobaki wawili Julienne akavua kiatu kimoja, akakiweka sakafuni kati yake na yule bibi.

"Mama, unajua juu ya nini bananiita Mama Malapa?"

Akamweleza alichokuwa hajamweleza mtu, hata mume wake. Katika kozi ile ya Dar walipewa siku ya mapumziko, wakaenda ufukweni, na yeye alikuwa anaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Alivua viatu vyake vya ngozi akaviweka kwenye mchanga mkavu, karibu na maji, kama ambavyo angeviweka Kipopo. Akatembea na wenzake, wanapiga hadithi. Waliporudi mchanga ule haukuwepo. Kulikuwa na maji mpaka magotini, na viatu vimekwenda zake. Alidhani ameibiwa, akataka kuita polisi, naye ndiye polisi. Wenzake wa Dar walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu, kabla jua halijazama, bahari ileile ikaanza kurudi nyuma, ikarudi, ikarudi, na mahali palipokuwa na mashua zinaelea zikabaki mashua zimelala ubavu, na wanawake wakaingia kwa miguu mbali sana kuokota vitu vya kula kwenye tope. Viatu hata hivyo havikuonekana. Akanunua malapa.

"Bahari haikae fasi moja, mama. Inajaa, inapwa. Banasema vile kule. Kila siku, na Bagamoyo ni vile vile. Mukeka yako ingebebwa na mayi, ao mungebakia ku muchanga mukavu, mayi iko kule mbali. Ile yako ni Kipopo."

Alikuwa amejiandaa. Alitegemea machozi, au hasira, au kiapo kingine juu ya kile cha kwanza, na kwa kila kimoja alikuwa na jibu. Mama Ramla hakufanya hata kimojawapo. Alikaa, mikono kwenye unga, macho yake yakiwa ya mtu aliyeambiwa siri ya ukoo wake mwenyewe.

"Inaondoka?" akasema hatimaye. "Inaenda wapi?"

Julienne akasema hajui, lakini inakwenda.

"Miaka yote hii," bibi akasema, "na hakuna hata mumoja aliniambia."

Ikatoka yote, polepole, bila kusukumwa. Babu yake alitoka Bagamoyo na msafara, kijana wa kubeba mizigo, akafika Kasongo huko Maniema, akaoa, hakurudi tena. Mama Ramla hakumkuta. Alichokikuta ni jina la mji. Alipoletwa Lubumbashi na ndoa akaanza kuuliza. Kila mfanyabiashara wa Kamalondo aliyekwenda Dar kununua bidhaa, alipopita hapa kuaga alipewa sambusa na swali moja, na aliporudi alilipa deni hilo: basi linaondokea wapi, Kaole kuna kivuli, misheni wanafungua lini. Ameuliza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wakaanza kuja kwake wanaotaka kwenda, wakachukua mpango wake, wakarudi wakimshukuru. Alipeleka watu wengi Bagamoyo, yeye hakupita Sakania. Na wale aliowauliza, Julienne alifikiri, walikuwa watu wenye mikoba kwapani na haraka ya kurudi Kariakoo. Waliitupia bahari jicho moja wakaondoka. Nani kati yao angekaa muda wa kutosha aione inasogea? Sehemu hiyo moja mama aliijaza mwenyewe, kwa maji aliyoyajua.

Mwaka huu Yassine akamwambia, shangazi, jitayarishe, nitakupeleka. Idriss akashona gauni. Mtaa mzima ukamsindikiza. Walipofika Sakania Yassine akamweka kwa mtu anayefahamiana naye, akasema karatasi zina matatizo, nakwenda kuzirekebisha, ningojee hapa. Akangoja. Kijana alirudi baada ya siku nyingi, amechoka, na kombe mkononi. Akasema mpaka umekataa. Akasema itakuwa aibu, mtaa utakucheka, shangazi, wewe unayeijua Bagamoyo kuliko wote. Sema tu tumefika. Mwakani nakupeleka kweli.

"Nikarudia hapa," Mama Ramla akasema, "nikakuta bantu banajaa mu uwanja, mikeka imetandikwa, bananingojea. Bamama, batoto, bazee. Ningesema nini, mutoto wangu? Nikabaambia ile mpango yangu, kama vile nilitembea. Na nilikuwa na furaha."

Polisi walipokuja kuuliza Yassine alikuwa wapi, uongo ule ulikuwa umeshakuwa mali ya mtaa. Angeurudishaje nyuma? Kuhusu Idriss alijituliza kwamba serikali itamwona hana hatia, maana ni mutoto muzuri, kila mtu anajua. Julienne akamwambia wazi sasa, kwa sababu hakukuwa na njia ya kulisema taratibu: kufuli halikuvunjwa, funguo ni mbili, na kama Yassine alikuwa Bagamoyo basi Papa Elisée alipigwa na Idriss, na lori linaondoka leo mchana.

Mama Ramla hakujua habari ya funguo. Hilo lilionekana wazi. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, sanduku likasikika likifunguliwa. Alirudi na kitambaa kimekunjwa. Yassine alimpa pamoja na kombe, akamwambia ametumiwa na rafiki kutoka Dar, asikivae mpaka sikukuu. Akakikunjua mapajani mwa Julienne.

Majembe ya manjano, juu ya buluu.

Julienne alikishika kitambaa hicho kwa muda kuliko ilivyohitajika. Kesi yake ilikuwa imeisha, na hakujisikia kama mtu aliyeshinda. Alimwambia mama kwamba anaweza kuandika maelezo hapahapa ndani, kimya kimya, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba mtaa hauna haja ya kujua leo. Alisema hivyo kwa sababu alimheshimu, na kwa sababu aliwaza mikeka ile iliyokunjwa ukutani.

Bibi akakataa. Aliondoa gauni la kijani kwenye msumari, akaenda kulivaa. Alipotoka Julienne aliona pindo la chini, limefungwa kwa uzi mweupe wa kupimia, mishono mirefu ya muda. Mama akamweleza kwamba Idriss aliliacha refu makusudi: akifika baharini alipandishe, maji yasimlowanishe, na uzi ule ndio alama ya pa kukunja, autoe hukohuko. Uzi ulikuwa haujaguswa. Julienne, aliyekuwa ameliangalia gauni hilo asubuhi nzima, alijitukana moyoni.

Nje watu walikuwa wamekusanyika langoni kwa sababu ya Liévin, maana askari mnene anayekula sambusa mlangoni ni tamasha tosha. Wakamshangilia Mama Bagamoyo kwa nguo yake. Mama Ramla akasimama katikati yao, akawatazama mmoja mmoja.

"Musiniite vile," akasema. "Sikufika. Niliishia Sakania. Ile yote nilibaambia, niliota tu. Yassine hakuwa na miye."

Mtoto mmoja akauliza mama yake, kwa sauti, kama samaki naye alikuwa wa uongo, akazibwa mdomo. Mama Ramla akapita katikati yao akaelekea posti ya polisi, na Julienne akamfuata kwa nyuma kidogo, kama mtu anavyomfuata mkubwa wake. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewaona wanaume wazima wakiuza ndugu zao ili tu wasipite kwenye aibu fupi kama ile.

Lori lilikuwa linanguruma uani. Idriss alikuwa ameshainua mguu mmoja, pingu mikononi, kofia yake nyeupe imekuwa rangi ya sakafu. Julienne hakungoja ruhusa, alimwambia dereva azime. Mkuu akatoka na hasira zake, akawekewa kitenge mezani, akaelezwa maneno ya shahidi huku shahidi mwenyewe amesimama mbele yake amevaa kijani. Akakikunja kitambaa, akakikunjua, akasema neno moja lisiloandikika kuhusu Yassine. Liévin akapiga simu Sakania. Wenzao wa kule wakajibu kwamba mtu huyo wanamfahamu, tangu juzi yuko karibu na stesheni ya reli akiuza majora, na sasa hivi wanakwenda kumchukua.

Pingu zikafunguliwa. Idriss akasimama pale uani akijisugua vifundo vya mikono, akimtazama Mama Ramla, na mama hakuinua uso.

"Nilibasemea bantu uongo juu yangu," akasema, "na weye njo ukalipa."

Idriss alikuwa na haki ya kwenda zake, na Julienne alidhani ataondoka. Lakini macho ya fundi yalikuwa yameteremka kwenye kazi yake. Akasogea, akachuchumaa, akashika pindo. Sehemu moja mishono ya muda ilikuwa imelegea kwa kutembea. Akaipitisha vidoleni, akaikaza, akafunga fundo dogo.

"Uzi hii usiitoe," akamwambia, bado amechuchumaa. "Ni ya kutolea kulekule."

Mama Ramla akaweka mkono juu ya ile kofia chafu, akauacha hapo. Lori likaondoka na wengine. Julienne alikuwa amekwisha kuanza kupanda ngazi kwenda kuandika ripoti yake aliposikia bibi anamwita.

"Mama Inspecteur. Na muntu akifika, akute bahari imekwenda?"

Julienne akageuka. Bibi alikuwa anauliza kweli, kwa uso uleule wa mtu anayepanga.

"Anangojea, mama. Inarudiaka."

Mama Ramla akalirudia neno hilo chini chini, akitafuta mahali pa kuliweka, kabla ya samaki au baada yake.